Akina Mama na Vyombo vya Fundi

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa Doldol, katika Laikipia ya Kaskazini, mbele ya akina mama waliokusanyika kujifunza kazi ya kutengeneza nyumba zao.

Nimeombwa niseme juu ya wanawake wanaopenda kushika nyundo, msumeno na koleo, na kutengeneza kwa mikono yao wenyewe yale yanayoharibika nyumbani.

Katika miji mingi jambo hili huhesabiwa kuwa geni. Watu wakimwona mwanamke juu ya ngazi, na misumari mdomoni, husimama njiani wakamtazama kama wanaotazama mchezo. Lakini hapa kwenu sikuja kuleta jambo geni. Katika nchi hii fundi wa nyumba, tangu zamani, ndiye mwanamke. Lililo geni ni hili, ya kuwa mwanamke huyo huyo sasa huketi chini ya paa linalovuja, akangoja fundi atoke Nanyuki. Basi leo nataka tuulize imekuwaje hata tukafika hapo, tumepoteza nini, na ni kwa njia gani twaweza kukirudisha kilichopotea.

Wajenzi wa zamani

Wazee wenu wanajua vizuri kuliko mimi habari za watu wa Mukogodo. Zamani watu hawa walisema lugha ya Kiyaaku, wakakaa katika mapango ya milimani, wakawinda wanyama na kurina asali. Hata mahari yao ilihesabiwa kwa mizinga ya nyuki. Kisha katika miaka ya 1920 na ya 1930 mambo yakageuka upesi. Walichanganyika na majirani wafugaji waliosema Kimaa, mahari ikaanza kulipwa kwa mifugo, na ili kupata mifugo na kuitunza watu wakaacha maisha ya kale. Wakaiacha lugha yao, wakahama mapangoni, wakaanza kukaa katika nyumba za Kimaasai.

Nataka mlifikiri jambo hilo la mwisho. Pango halijengwi, wala halihitaji kupigwa udongo kila baada ya mvua. Lakini nyumba ya Kimaasai, enkaji, hujengwa, na kwa desturi anayeijenga ni mwanamke. Basi watu wale walipotoka mapangoni, mzigo wa kazi hiyo mpya uliwekwa juu ya mabega ya akina mama. Ni bibi zenu waliojifunza kuchagua miti ya nguzo, kuikata, kuibeba na kuisimamisha. Walijifunza kupinda fito nyembamba za leleshwa na kuzifuma hata zikawa ukuta. Walijifunza kuchanganya udongo na samadi ya ng'ombe kwa kipimo kinachofaa, wala si laini mno wala si kavu mno, na kuupaka kwa kiganja cha mkono hata maji yasipate pa kupenya. Yote hayo waliyajifunza katika muda wa kizazi kimoja. Mtu asije akawaambia ya kuwa mwanamke wa nchi hii ni mzito wa kujifunza kazi ya ufundi.

Tena tuone heshima iliyokuwa katika kazi ile. Katika boma la Kimaasai kila mke ana nyumba yake, kwa sababu ameijenga yeye. Mume ana mifugo, lakini nyumba ni ya mke, na mume akiingia humo huingia katika nyumba ya mwenyewe. Mvua ikinyesha usiku, tone likaanguka juu ya kitanda, mama huamka, akatazama mahali palipofunguka, na asubuhi hupanda juu na samadi mbichi akapaziba. Hakumngoja mtu wala hakuomba fedha. Aliijua nyumba yake kama mchungaji anavyomjua mbuzi wake, kila ubavu na kila kovu.

Bati lilipoingia

Sasa nyumba nyingi zimebadilika. Tazameni hapa Doldol na njia yote ya kwenda Nanyuki, mtaona mapaa ya mabati yanang'aa kila upande. Mimi siyalaumu mabati. Paa la bati halihitaji kupakwa kila msimu, hukinga maji safi ya mvua, na mtu mzima anaweza kusimama wima ndani ya nyumba bila kugonga kichwa. Moshi nao hupata pa kutokea. Haya ni mema, wala sikuja kuwaambia mrudi nyuma.

Lakini pamoja na bati limeingia jambo lingine ambalo watu wengi hawakulitazama. Fito na samadi hupatikana bila fedha, na mama huzikusanya mwenyewe. Bati na mbao na saruji hununuliwa dukani, na mara nyingi mwenye kununua ni mume. Kisha huja fundi na sanduku lake, akapima, akakata, akapigilia misumari, akalipwa, akaenda zake. Mama, ambaye mama yake mzazi alikuwa fundi mkuu wa nyumba, amebaki kumpikia fundi chai na kufagia vumbi la msumeno.

Hapo ndipo hasara ilipo. Bati moja likipeperuka, hajui lilivyoshikwa. Mlango ukishuka, huuinua kwa mikono miwili kila asubuhi na kila jioni, mwaka mzima. Bomba la tangi likidondoka, huweka sufuria chini yake. Fundi akija hutaja bei aipendayo, na mama hawezi kubishana naye, maana hajui kama kazi ni ya dakika kumi au ya siku mbili. Tena kuna hasara kubwa zaidi ya fedha. Zamani hakuna aliyeuliza nyumba ni ya nani, kwa kuwa alama za vidole vya mama zilikuwa ukutani. Siku hizi watu husema, "Nyumba ni ya fulani, yeye ndiye aliyenunua mabati." Vyombo vya kazi vilipotoka mikononi mwa mama, na neno lake juu ya nyumba lilipungua.

Mfano wa majirani zenu

Msifikiri ya kuwa jambo hili limewapata ninyi peke yenu. Tuwatazame majirani zenu wa upande wa kusini, akina mama wa Nyeri na wilaya zilizo karibu nayo.

Mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliwaamuru watu wa nchi ya Wakikuyu waache maboma yao na kukusanywa katika vijiji. Zaidi ya watu 1,000,000 walihamishwa. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kwa hiyo kazi ya kujenga iliwaangukia akina mama, chini ya ulinzi wa askari, pamoja na kuchimba mahandaki. Hatuisifu amri ile hata kidogo, kwa maana ilikuwa ya dhuluma, na wengi waliteswa. Lakini ni kweli ya kuwa mikono iliyozisimamisha nyumba zile kwa sehemu kubwa ilikuwa mikono ya wanawake.

Miaka ilipopita, na nchi ikapata uhuru mwaka 1963, akina mama wa pande hizo walianza kazi nyingine, na safari hii kwa hiari yao. Walifanya vikundi, kila mmoja akatoa fedha kidogo kidogo, wengine wakilima mashamba ya watu kwa ujira na kuuweka ujira wote pamoja. Fedha zikitosha, walinunua mabati ya nyumba ya mwanachama mmoja. Kisha ya mwingine, na mwingine, hata wote wakapata. Vikundi hivyo viliitwa kwa jina la mabati, na vingi baada ya paa viliendelea kununua matangi ya maji. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilikuwa paa zima juu ya kichwa cha mama.

Pamoja na sifa hiyo, kuna jambo moja lililosahauliwa na wengi. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, vilabu vyake vilifundisha kushona, kufuma, kupika, usafi na ulezi wa watoto. Masomo hayo yalikuwa na faida. Lakini mama alipewa sindano, hakupewa nyundo. Ilidhaniwa ya kuwa kazi ya mwanamke huishia pale pazia linapoishia, na ya kwamba fimbo inayoshika pazia ni kazi ya mtu mwingine. Mimi nasema, aliyeweza kununua bati kwa jasho lake anaweza kujifunza kulipigilia.

Maneno ya sheria

Huenda mtu akasema, "Haya ni mambo madogo, misumari na bawaba." Tafadhalini sikilizeni sheria inavyosema.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema ya kuwa mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, katika ndoa, na wakati wa ndoa kuvunjika. Kisha Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 ikaeleza maana ya mchango wa kila mmoja katika mali. Mchango si fedha tu. Kazi za nyumbani ni mchango, kutunza nyumba ni mchango, kulea watoto ni mchango, kadhalika na kazi ya shamba. Tena, hata ikiwa nyumba si mali ya ndoa, kwa mfano mume aliipata kabla hajaoa, lakini mke ameitengeneza ikawa bora, sheria humpa mke haki kwa kadiri ya mchango wake. Na nyumba ya familia isiwekwe rehani wala isipangishwe bila mume na mke wote wawili kukubali kwa maandishi.

Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua ya kuwa ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Kila mmoja sharti aonyeshe alichochangia. Mmesikia neno hilo, "aonyeshe"? Kwa hiyo nawaomba kila mmoja wenu awe na daftari. Ukinunua kilo moja ya misumari, weka risiti ndani yake. Ukibadilisha bati, andika tarehe na kazi uliyoifanya. Ikiwa huandiki, mtoto wa shule na akuandikie. Sikuombeeni ugomvi wala talaka, Mungu apishe mbali, na ujane nao huja bila kubisha hodi. Lakini daftari halina mdomo wa kugombana, nalo hukumbuka pale watu wanaposahau.

Sanduku la kuanzia

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mtu anayeanza hahitaji duka zima. Kwanza awe na nyundo yenye kucha za kung'olea misumari, msumeno wa mbao, koleo, bisibisi mbili, moja ya mdomo bapa na moja ya nyota, spana inayokazwa na kulegezwa, tupa ya kunolea, na utepe wa kupimia. Kwa vyombo hivyo saba au vinane mama anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi za nyumba yake. Vilivyo ghali zaidi, kama randa, kekee, mkasi wa bati na ngazi ndefu, na vinunuliwe na kikundi, vikae kwa mtu mmoja mwaminifu na kuandikwa kila vinapoazimwa.

Panga na shoka mnavyo tayari, na mnajua kuvitumia kuliko mafundi wengi wa mjini. Mpini wa nyundo ukivunjika, msiitupe nyundo. Mzeituni mwitu, ule mnaouita oloirien, ambao kaa lake mnasafishia vibuyu vya maziwa, hutoa mpini mgumu usiopasuka upesi. Chukueni tawi lililokwisha kukauka, bila kukata mti mzima, mlichonge hata liingie katika tundu la nyundo kwa nguvu, kisha mpigilie kabari ndogo juu yake ili kichwa kisichomoke. Nyundo yenye kichwa kinachocheza ni hatari kwa anayeitumia na kwa aliyesimama karibu.

Kanuni ya kwanza ya kila chombo ni ukali wake. Msumeno butu humfanya mtu asukume kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayokata kidole. Kanuni ya pili ni kupima mara mbili kabla ya kukata mara moja, maana ubao uliokatwa mfupi haurefuki tena.

Paa na maji yake

Kazi ya kwanza iwe paa, kwa kuwa paa likivuja kila kilicho chini yake huharibika. Siku ya jua kali ingieni ndani, fungeni mlango na madirisha, mtazame juu. Kila tundu litaonekana kama nyota. Pitisheni kijiti katika tundu ili mlione mtakapokuwa nje.

Tundu dogo huzibwa hivi. Sugueni kutu yote kwa brashi ya waya, mfute vumbi, mpake lami ya kuzibia, mlaze kipande cha kitambaa kigumu juu yake, kisha mpake lami tena hata kitambaa kisionekane. Bati lililooza lote halizibwi, hubadilishwa. Mkinunua bati jipya, kumbukeni ya kuwa nambari ya unene huenda kinyume na mnavyodhani. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Mwenye duka asiwatajie nambari kubwa kana kwamba ndiyo bora.

Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, haupigwi bondeni, kwa sababu maji hupita bondeni na yatashuka pamoja na msumari. Chini ya kichwa cha msumari wekeni kipande cha mpira. Bati moja lipande juu ya jingine ubavuni kwa wimbi moja na nusu, na mwisho wa bati la juu ulale juu ya bati la chini kwa sentimita 15 au zaidi. Anzeni upande usiokabili upepo wa mvua, mkienda kuelekea unakotoka, ili upepo usipate mlango wa kuingilia.

Mnapopanda, ngazi ishikwe na mtu. Ngazi ikifika juu mita 4, mguu wake uwe mbali na ukuta kiasi cha mita 1. Juu ya paa kanyageni mstari wa misumari tu, maana chini yake kuna mbao. Pasipo na msumari hakuna kitu ila bati, na bati halibebi mtu.

Baada ya paa, tazameni gata, yaani ule mfereji wa bati unaoning'inia ukingoni. Katika nchi kavu kama hii gata ni mali. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Basi nyumba ambayo paa lake limefunika urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, ikipata mvua ya milimita 10, huangukiwa na lita 240. Hiyo ni mitungi 12 ya lita 20, ambayo mama asingetembea kuitafuta. Kidogo kitapotea kwa kuruka na kukauka, lakini kingi kitaingia katika tangi, ikiwa gata limeinamia upande wa tangi. Kwa kila mita 1 ya urefu, lishuke nusu sentimita au sentimita 1. Mwageni maji kikombe kimoja katika mwisho wa juu, mtazame. Yakisimama mahali, papo hapo gata limelegea na lifungwe upya. Maji ya kwanza ya msimu yaachwe yamwagike, kwa kuwa yanaosha vumbi na mavi ya ndege.

Mlango, bomba na ukuta

Mlango ukishuka ukakwaruza sakafu, msikimbilie kuukata chini. Kwanza tazameni bawaba ya juu. Mara nyingi skrubu zake zimelegea kwa sababu tundu limekuwa pana. Inueni mlango kwa kuweka kabari chini yake, mtoe skrubu, mjaze tundu kwa kijiti kilichopakwa gundi, mkikate sawa na ubao, mngoje gundi ikauke, kisha mrudishe skrubu. Mlango utarudi mahali pake. Ikiwa umevimba kwa mvua, ngojeni ukauke kabla ya kuupiga randa, la sivyo wakati wa jua utakuwa na nafasi ya kupitisha mkono.

Bomba linalodondoka tone moja kila sekunde hupoteza karibu lita 20 kwa siku, yaani mtungi mzima. Dawa yake ni kipande kidogo cha mpira kilicho ndani ya kichwa cha bomba. Fungeni kwanza maji yanayotoka katika tangi, mfungue kichwa kwa spana, mtoe mpira uliochakaa, mwende nao dukani ili mpewe wa kipimo hicho hicho, kisha mrudishe na kukaza. Kazi hii haizidi nusu saa.

Juu ya ukuta wa udongo sina la kuwafundisha, bali naweza kuwaomba msidanganyike. Watu wengine hupaka saruji ngumu juu ya ukuta wa udongo, wakidhani wameupa nguvu. Udongo huvimba na kunywea kwa maji na jua, saruji haifanyi hivyo, na baada ya muda saruji hubanduka vipande vipande. Ukuta wa udongo utengenezwe kwa udongo, na samadi, kama mama zenu walivyofanya. Ufa katika ukuta wa mawe ndio wa saruji. Upanueni kidogo kwa patasi, mwondoe vumbi, mlowanishe kwa maji, kisha mjaze mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji na sehemu tatu au nne za mchanga. Mwajua methali isemayo, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Aliyeisema bila shaka alikuwa amekwisha kujenga ukuta.

Mpaka wa kazi

Fundi mwenye akili anajua pia asiloweza kuligusa. Waya za umeme wa serikali zisiguswe na mtu asiye na kibali. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yataka kazi hiyo ifanywe na mwenye leseni, na sababu yake ni kuwa umeme hautoi onyo. Kadhalika kuondoa nguzo inayobeba paa si kazi ya kujifunzia.

Hata hivyo msidhani ya kuwa umeme wa jua haumfai mwanamke. Huko Kibokwa, katika kisiwa cha Unguja, kuna chuo ambacho kimewafundisha akina mama wa vijijini kufunga taa za nguvu za jua na kuzitengeneza zikiharibika. Njia hiyo ya kufundisha ilitoka India, ambako akina mama wasiojua kusoma walijifunza kwa rangi za waya na kwa ishara za mikono. Mwanamke anayepanga shanga nyekundu, nyeupe, samawati na kijani bila kukosea hata moja, na kuyakumbuka maumbo mia bila kuyaandika, hatashindwa na waya tatu za rangi tatu.

Neno kwa wazee, na neno la furaha

Wazee wetu, najua baadhi yenu mwajiuliza kama mke mwenye nyundo atabaki kumheshimu mumewe. Nawajibu kwa swali. Je, bibi yenu aliyejenga nyumba yote tangu nguzo hata paa, alikosa heshima? Fedha ambayo haikwenda kwa fundi hubaki nyumbani, labda ikatosha dawa ya mbuzi au karo ya mtoto. Tena wafundisheni binti zenu pamoja na wana wenu. Binti anayeshika randa akiwa na miaka kumi na mbili hatadanganywa na fundi atakapokuwa na miaka thelathini, na mafundi wenyewe watapata wenzao, kwa kuwa mapaa ni mengi kuliko mikono.

Nanyi mama zangu, nisingependa mwondoke hapa mkidhani nimewaongezea mzigo juu ya kuni, maji na watoto. Kazi hii ina furaha yake, na anayeijua haachi kuitamani. Msumari unapoingia wima kwa mapigo manne, mlango unapofunga kwa kidole kimoja, mvua inapopiga juu ya bati nawe umelala kitandani ukisikiliza wala hakuna tone linaloanguka, moyo hupata utulivu ambao hauuzwi dukani. Unajua kila msumari ulio juu yako, kwa sababu umeupiga.

Leo tuanze kwa nyumba zilizo karibu na soko. Tutagawanyika watu watano watano, na kila watano watakuwa na nyundo moja, msumeno mmoja na ngazi moja. Watakaoshika kwanza ni wale ambao hawajapata kushika. Tutaanza na paa, kisha mlango. Jioni kila mmoja ataandika katika daftari lake kazi aliyoifanya, na tarehe.

Haya, mama zangu, inukeni, vyombo viko pale mezani.